Uchovu wa Advera

Advera Kokugonza alitoka ziwani akiwa hajachoka, na hapo hapo hasira zikampanda.

Hebu fikiria. Umeogelea kilomita moja na nusu, kutoka kwenye boti iliyotia nanga karibu na Kisiwa cha Musira hadi ufukweni. Mawimbi yamekupiga usoni, teke la jirani limekupata tumboni, halafu unatoka majini unapumua kama mtu aliyekwenda kunawa miguu! Miezi minne Advera alikuwa akijifua kwenye maji hayo hayo. Kila Jumamosi alitoka akitambaa. Mara mbili alitapika uji wote mbele ya wauza dagaa, nao wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Leo mikono ilikuwa miepesi, magoti imara, moyo umetulia tuli. Alihema kwa makusudi, akidhani labda mwili umechelewa tu kupata habari. Wapi!

"Wa tatu!" watu walipiga kelele kando ya kamba. "Fundi wa Kashai ni wa tatu!"

Wa tatu kati ya wanawake sitini na wawili. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, fundi baiskeli, aliyekuja pale kutafuta kumaliza tu, basi. Advera alipeleka mkono nyuma ya sikio la kushoto, akagusa kitufe.

Kilikuwa cha moto.

Kitufe hicho, kidogo kama punje ya kahawa, kilikuwa kimelala baridi chini ya ngozi yake kwa miaka sita, tangu alipoacha kazi kwenye kampuni ya Wepesi. Madaktari wa kampuni walisema kukitoa ni hatari, bora kibaki humo humo, hakina neno. Sasa kilikuwa kinafukuta kama kimeamshwa usingizini, na Advera, aliyeishi nacho nusu ya umri wake, hakuhitaji kuambiwa maana yake. Kuna mtu mahali fulani alikuwa amebeba uchovu wake.

"Nani?" alisema kwa sauti, maji yakimchuruzika. "Mshenzi gani amenifanyia hivi?"

Watu walishangilia zaidi. Walidhani anajipa moyo.

Kwenye safu za baiskeli alisimama mwamuzi, Bi Salmina, mama mnene mwenye filimbi shingoni. "Namba mia na nane! Kundi gani?"

"Miguu Yao."

"Pita. Kumbuka kitufe kinasomwa mwisho. Ukikutwa mzigo wako uko kwa mtu mwingine, jina linafutwa."

"Najua, Bi Salmina."

"Najua unajua. Nawaambia wote."

Shindano la michezo mitatu la Bukoba lilikuwa na makundi mawili. Wabebwa walivaa kofia za bluu. Hao waliogelea huku wanapiga soga, uchovu wao umelalia vifua vya watu wengine mjini. Miguu Yao walivaa nyekundu. Walikuwa wachache, na watu waliwatazama kwa huruma kidogo. Advera alikuwa amekwenda ofisi ya michezo siku ya kwanza kabisa ya kujiandikisha ili awahi kofia nyekundu. Sasa alikuwa ameivaa na haikuwa na ukweli wowote.

Alipanda baiskeli yake, aliyoiunga mwenyewe kwa fremu tatu mbovu, akaondoka mbio.

*

Uchovu haupotei, unahama. Hicho ndicho kitu cha kwanza walichofundishwa pale Wepesi, yeye na wasichana wenzake, kwenye lile jumba la viti vya kulalia kule Mwanza. Kitufe cha mwenye kazi kinasoma joto la misuli, mapigo ya moyo, chumvi ya jasho, na kile kilio ambacho mwili unakipeleka kichwani kuomba upumzishwe. Kinavituma vyote. Kitufe cha mbebaji, ambacho ni cha aina ile ile, kinapokea, na mwili wake unadanganywa kwamba ndio uliofanya kazi: moyo unakwenda mbio, mapaja yanawaka moto, tumbo linasokota. Wakati huo huo dawa ambayo kitufe kinaidondosha kwenye damu ya mwenye kazi inamsafisha, anainuka mpya. Mbebaji akishaulala mzigo usingizi wa kutosha, umekwisha. Akiuachia kabla, unarudi kwa mwenyewe kwa mpigo mmoja.

Miaka kumi na minane Advera alilala kwenye kiti namba kumi na nne. Alipanda Mlima Kilimanjaro mara zisizo na idadi, kwa niaba ya watu ambao hakuwahi kuwaona sura. Alicheza tenisi. Alijifungua mapacha wa mke wa mkurugenzi fulani. Alikuwa akitoka mle jioni anashikilia ukuta, na viatu alivyoingia navyo kazini mwaka wa kwanza alivivaa mpaka wa tano, soli nzima, kwa sababu hakuwa amekwenda popote. Kila siku ya Mungu alichoka, na hata siku moja hakuwahi kuchoka kwa ajili yake mwenyewe.

Ndiyo sababu ya kujiandikisha. Hakutaka medali. Alitaka siku moja tu achoke kwa barabara aliyoipita yeye, alale na maumivu yake, na asubuhi akiamka ajue kila kiungo kinauma kwa sababu gani. Watu walipomuuliza kwa nini anajitesa, alikuwa anajibu kwa mzaha, maana kueleza jambo hilo kwa mtu ambaye hajawahi kulala kwenye kile kiti ni kazi bure.

Na sasa wamemnyang'anya hata hilo!

Barabara ya kwenda Kashozi inapanda. Inapanda, inapinda, halafu inapanda tena kwa ujeuri. Kwenye mazoezi Advera alikuwa akishuka mara mbili kuikokota baiskeli. Leo alisimama juu ya pedali akakanyaga kama anaponda kitu.

"Unataka kubeba?" alisema kwa meno yaliyokazana. "Haya, beba! Beba na hii! Na hii!"

Alijua vizuri anachofanya. Alijua jinsi kilima kinavyompiga mtu aliyelala chali, moto unavyoanzia magotini ukapanda, na jinsi unavyotamani kupunguza mwendo wakati miguu si yako. Alitaka huyo mtu, yeyote yule, ayapate yote hayo ili ajute. Aliwapita wanawake wawili waliokuwa mbele yake, akaendelea kukanyaga bila kuhitaji hata kidogo. Mgongo mkavu. Alifika mzunguko wa kugeuzia akiwa wa kwanza, anapumua kwa pua.

Pale juu palikuwa na turubai, na chini ya turubai watu kama saba waliovaa fulana za manjano zilizochapwa kifuani: KAMATI YA ADVERA. Katikati yao, kwenye kiti cha plastiki, ameshika kipaza sauti mkono huu na glasi ya juisi ya ndizi mkono ule, alikaa baba yake mdogo, Projestus, mtu ambaye tangu Advera apate akili hakuwahi kukosa uenyekiti wa kamati yoyote ya ukoo.

Advera alifunga breki mpaka tairi likalia.

"Usisimame!" Projestus aliita kwenye kipaza sauti. "Mwanangu, unaongoza! Unasimama nini? Twende!"

"Ba'mdogo, mmefanya nini?"

"Sapraizi!" alisema yule mzee, na uso wake wote ukacheka.

*

Ikumbukwe watu hawa walivyo. Mtu akitaka kuoa, ni kamati. Akifiwa, kamati. Na tangu vitufe vienee mpaka vijijini, kamati haiishii kwenye ukumbi na kreti za soda. Inauliza nani atambebea bibi harusi uchovu wake ili acheze bila kukaa. Watu wananyoosha mikono, jina linaandikwa, makofi yanapigwa. Ni jambo jema, nani atakataa? Projestus alikuwa ameongoza kamati nyingi za namna hiyo, na aliposikia mtoto wa marehemu kaka yake anaingia kwenye shindano, akaona aibu ukoo umwache ahangaike peke yake.

"Tumekutana kwangu miezi mitatu," alieleza, akishusha kipaza sauti. "Watu thelathini na nane, Advera! Thelathini na nane walinyoosha mikono. Kila mtu akasema atabeba kipande chake. Tukasema usijue mpaka siku yenyewe."

"Nani aliwapa ruhusa ya kuwasha kitufe changu?"

"Wepesi wanaruhusu zawadi ya familia. Wanataka ridhaa ya ukoo tu. Mimi nikasaini kama mkubwa, mama yako akasaini kama mzazi."

"Mama alisaini?"

"Yeye ndiye aliyeleta wazo, waitu mwanangu."

"Nilijiandikisha Miguu Yao, Ba'mdogo. Mnaelewa maana yake? Nimekuwa mwizi! Nimewapita watu huko chini wanaolia kwa maumivu, nami napita kama upepo!"

"Tulijua kofia yako. Ndiyo maana hatukukuambia. Wewe ni mbishi, ungekataa."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza sababu nzuri. Advera alimtazama, akaitazama ile glasi ya juisi. Halafu akawatazama wale wengine wa fulana za manjano, wenye mashavu yanayong'aa, mmoja wao anatafuna karanga.

"Mbona wewe hujachoka?" aliuliza.

Projestus alikohoa. "Mimi niliachia pale ziwani. Mgongo, mwanangu. Unaujua mgongo wangu."

"Na hawa?"

Mama mmoja alisema mwanaye ana homa. Bwana mwingine alisema kitufe chake kina hitilafu, kimeanza kumuwasha tangu jana. Aliyekuwa anatafuna karanga aliona kuna kitu cha kutazama upande wa pili wa barabara.

Lo, mikono ya kamati! Mkutanoni inanyooshwa mpaka inagusa dari, na siku ya kazi huioni. Projestus angepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akiwafukuzia watu walioahidi wakaingia mitini. Lakini kosa lake lilikuwa ndilo hilo: alizihesabu ahadi kama vitu vilivyokwishatolewa, akawasha duara, yaani vitufe vyote vilivyounganishwa na cha Advera.

Na duara la Wepesi lina kanuni yake. Anayeachia hawezi kurudi, na kipande chake hakiendi kwa mwenyewe kama bado kuna mbebaji ndani, kinawaangukia waliobaki. Advera aliijua kanuni hiyo kama jina lake.

"Ba'mdogo, amebaki nani kwenye duara?"

Projestus aliweka glasi chini.

"Nakuuliza, amebaki nani?"

"Shemeji," Projestus alisema, na sauti yake haikuhitaji tena kipaza. "Mama yako. Tulidhani wengine watabaki."

Mama Domitila alikuwa na miaka sitini na saba na dawa za presha kwenye kikopo juu ya kabati. Ziwa lote lilikuwa juu yake. Barabara yote ya Kashozi ilikuwa juu yake. Na kile kilima cha mwisho, ambacho Advera alikikanyaga kwa makusudi ili amkomeshe mshenzi aliyembebea, kilikwenda moja kwa moja kwenye kifua cha mama yake.

"Lete simu," alisema.

Iliita muda mrefu. "Haloo," sauti ilisema, nyembamba, na katikati ya neno hilo dogo mlikuwa na pumzi mbili.

"Mama, achia."

"Nani? Sikusikii. Mtandao unakatika."

"Mtandao haukatiki! Mama, shika kitufe uachie sasa hivi!"

"Endelea, mwanangu. Mimi nimelala tu, sina kazi nyingine. Kimbia." Akakohoa. "Mtandao mbaya," alisema tena, akakata.

Advera alimrudishia Projestus simu yake. Alitafuta kitu cha kupiga, hakukiona.

"Yuko wapi?"

"Kwangu. Amelala sebuleni."

"Na nani?"

"Hakuna mtu," mzee alisema. Wote walikuwa wamekuja kutazama mashindano.

Akikaa pale pale chini ya turubai, mzigo hautaongezeka. Lakini huo uliokwisha kufika ulikuwa unatosha kuusimamisha moyo wa mama yake, na mbebaji tu ndiye awezaye kuachia. Akienda, kila pedali atakayoikanyaga itamwangukia yule yule anayetaka kumwokoa. Nyumba ya Projestus ilikuwa huko chini, mlima unapoishia kuingia mjini, na gari halikuruhusiwa barabarani mpaka baiskeli ya mwisho ipite.

Aligeuza baiskeli. Hakukanyaga hata mara moja. Aliiachia iteremke yenyewe, amekaa wima, miguu imening'inia, na kwenye vile vilima vidogo vya katikati alishuka akatembea kwa hatua fupi kama bibi harusi anayeingizwa ukumbini. Wanawake aliowapita walimpita, mmoja mmoja. Mmoja alimuuliza kama amepata pancha. Advera alikuwa anahesabu hatua zake na kuzitukana.

*

Mama Domitila alikuwa kwenye godoro sakafuni, peke yake, katika fulana ya manjano iliyolowa mpaka tumboni. Simu iliegemezwa kwenye kigoda, picha za mashindano zinapita. Miguu yake ilikuwa inarukaruka, midomo imepauka.

"Umeshafika?" alisema, akijaribu kutabasamu. "Wamesema ulikuwa wa kwanza kule juu."

"Achia."

"Kunywa maji kwanza. Yapo kwenye jagi."

"Mama, achia!"

"Sitaki."

Advera alipiga magoti kando ya godoro. Alimshika mkono, akatafuta mapigo. Yalikuwa yanakwenda mbio, yanajikwaa, yanasimama, yanaanza tena. Kule Mwanza aliwahi kuyashika mapigo kama hayo kwenye mkono wa msichana wa kiti cha tisa, na msichana yule hakumaliza wiki.

"Unajua unakufa?"

"Sifi. Nimebeba wangapi mie? Nimekubeba wewe tumboni juani, nalima." Alifumba macho, akavuta pumzi kwa shida. "Siku ile ulikuwa na sare ya shule. Siku ile ya Mwanza. Ulisema hutaki kwenda, nikakwambia nyamaza, baba yako anaumwa. Nikaweka saini."

"Nakumbuka."

"Ukirudi likizo ulikuwa unalala siku tatu. Nakugeuza kama maiti ili nibadilishe shuka. Nikasema, Mungu akinipa nafasi, nami nitambebea huyu mtoto. Siku moja tu. Ndiyo hii. Niache nilipe, Advera."

"Kwa hiyo ukasaini tena."

Mama aligeuzia macho kwenye simu.

"Mara ya kwanza umesaini nibebe," Advera alisema, na sauti ilianza kumpanda bila kumwomba ruhusa. "Mara ya pili umesaini nibebwe. Mara zote mbili nilikuwa na mdomo, Mama! Mara zote mbili nilikuwa nimesimama hapo hapo mbele yako na hukuniuliza!"

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa! Sasa kuuliza ni kwa ajili gani?"

Mama Domitila aligeuzia uso ukutani. Machozi yalimtoka, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. "Nikiachia utaanguka," alisema. "Yote kwa mpigo mmoja. Umesema mwenyewe ulishawahi kuona watu wakirudishiwa. Nani ataniokota mimi wewe ukifa?"

Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililomuudhi zaidi. Alishamwona mwanaume mzima, mcheza tenisi, akirudishiwa mchana mmoja wa jua; alianguka na meno yakatoka. Huku Advera alikuwa na ziwa na mlima. Angeweza kumwita daktari, angeweza kusubiri, angeweza kulala pale chini kando ya mama yake na wote wawili waombe Mungu. Alikuwa anampenda mama huyu na alikuwa anatamani kumtikisa.

"Sikiliza," alisema. "Kile kilima cha mwisho nilikikanyaga kwa makusudi. Nilijua kuna mtu, nikataka aumie. Umeumia wewe. Hilo nimelifanya mimi na nitakaa nalo. Mzigo huo huwezi kunipokea."

"Haidhuru, mwanangu."

"Inadhuru! Acha kuniambia haidhuru! Na ile saini ya kwanza inadhuru, na hulipi. Hailipiki, Mama. Hata ukijiua leo hapa hutakuwa umelipa, utakuwa umeniongezea. Nimeikasirikia miaka ishirini na minne na nitaendelea kuikasirikia, na kesho nitakuja kukuletea ndizi kama kawaida. Lakini huu uchovu ni wangu. Nimeutafuta miezi minne. Nipe."

Kwenye simu mtangazaji alikuwa anamtaja mwanamke mwingine, yuko mbele sasa, anashuka kwenye baiskeli. Mama Domitila alisikiliza mpaka akamaliza, kana kwamba hilo ndilo lingemwamulia.

"Mtoto mgumu wewe," alisema.

Akapeleka kidole nyuma ya sikio, akabonyeza, akashikilia.

Advera alikuwa amekwisha kaa chini na kuegemea ukuta, maana alijua. Haikusaidia. Mikono ilienda kwanza, mabega yakawa mazito kama chuma, halafu maji yote ya ziwa yakamwingia kifuani, halafu mlima. Mlima ulikuja na kila kona yake. Alilala ubavu kwenye sakafu ya saruji akatapika, mapaja yakajikunja yenyewe, na kwa muda hakuona kitu. Alisikia mtu analia na akadhani ni mama yake. Alikuwa yeye.

Alipofumbua macho, mama yake alikuwa ameketi. Midomo imerudi rangi. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, umesimama hewani, kati ya godoro na bega la binti yake.

Advera aliushika mkono huo, lakini kwa ajili ya kupima mapigo tu. Yalikuwa yanakwenda sawa. Akaushusha.

"Meza dawa zako," alisema. Akashika mguu wa kigoda, halafu kigoda, halafu ukuta, akasimama.

*

Kilomita mbili za baiskeli na kumi za miguu. Hizo hazina hadithi ndefu. Alianguka mara moja pale alipoiacha baiskeli. Alikimbia kidogo, akatembea sana, na kuna mahali, kwenye mwinuko wa kwenda Rwamishenye, alipanda kinyumenyume kwa sababu mapaja yalikataa kupanda kwa mbele. Vijana wa meza za maji walikuwa wanakunja vitambaa. Mmoja alimwambia, "Mama, muda umekwisha, panda gari tukupeleke." Advera alimtukana tusi ambalo hakuwahi kulitumia mbele ya mteja, akaendelea.

Kila kitu kiliuma na alijua kwa nini. Bega lile ni wimbi lile karibu na boti. Goti hili ni kona ya tatu ya Kashozi. Alikuwa anaungua, anachechemea, amekasirika na dunia nzima, na chini kabisa ya hasira hizo kulikuwa na furaha kali, ya kijeuri, ambayo hakutaka mtu yeyote aione.

Uwanja wa Kaitaba ulikuwa umebaki mtupu alipoingia, isipokuwa Bi Salmina kwenye mstari na, kwenye nyasi upande wa pili, fulana za manjano. Safari hii zilikuwa nyingi. Thelathini na nane walikuwa wamepatikana.

Bi Salmina alimpitishia kisomaji nyuma ya sikio. Akakisoma, akakipitisha tena. "Mzigo nje: hakuna," alisema. "Wote unao mwenyewe. Muda wako saa sita na dakika kumi na moja, kundi la Miguu Yao. Wa mwisho."

"Niandike."

"Nakuandika, mwanangu."

Miguu ikamwishia hapo hapo, akakaa kwenye nyasi. Projestus alikuja haraka, kipaza sauti mkononi, amekwisha washa. "Ndugu zangu, kamati yetu leo..."

"Zima," Advera alisema.

"Maneno mawili tu, mwanangu, watu wamesubiri..."

"Ba'mdogo, zima hicho kitu. Wapeleke watu wako nyumbani. Wavue hizo fulana, jina langu halina ruhusa ya kukaa vifuani mwao."

Projestus alikuwa mtu mzima na hakuzoea kusemeshwa hivyo mbele ya watu. Lakini alizima, akageuka, na fulana za manjano zikaanza kuondoka mbili mbili, bila kelele.

Mmoja alibaki. Mama Domitila alivuka nyasi polepole, amejifunga kitenge juu ya ile fulana kuificha. Alifika miguuni kwa binti yake. Viatu vya Advera vilikuwa vimepasuka pembeni, soksi zimeshikana na damu ya vidole, na yeye mwenyewe aliinama kwa shida. Mama alichuchumaa na kupeleka mikono kwenye kamba za viatu, kama alivyokuwa akifanya zamani, bila kufikiri.

Halafu akasita. Mikono ikarudi mapajani.

"Advera," alisema. "Nikuvue viatu?"

Advera aliuvuta mguu wake karibu.

"Hapana," alisema.

"Sawa."

Mama Domitila akakaa kwenye nyasi, hatua mbili kutoka kwake, akafumbata mikono. Advera akaanza kufungua kamba mwenyewe. Vidole vilikuwa havishiki, na ilimchukua muda mwingi sana, na muda wote huo mama yake alikaa pale pale akimtazama, wala hakumsaidia.